Zawadi ya Kumuaga Mwanafunzi wa Uhandisi Anayemaliza Fildi

Mafunzo kwa vitendo, ambayo vyuoni na kazini huitwa fildi, ni sehemu ya lazima ya masomo ya uhandisi nchini Tanzania. Katika vyuo vingi hufanyika wakati wa likizo ndefu ya katikati ya mwaka, na kila awamu huchukua wiki 8 hivi. Nchini Kenya mafunzo ya namna hiyo hujulikana kama atachimenti, na mara nyingi hufika wiki 12. Mwanafunzi huja akiwa mgeni wa karakana au eneo la ujenzi. Anapoondoka huwa amekwisha kushika spana, kupanda jukwaa na kusoma mchoro mbele ya fundi anayeujua. Wiki ya mwisho inapokaribia, wenzake kazini hutaka kumuaga na kitu mkononi.

## Kwa nini zawadi hii ifikiriwe

Sababu ni tatu.

Kwanza, mwanafunzi hana vifaa vyake. Muda wote wa fildi ameazima futi ya fundi huyu na multimita ya yule. Kifaa kimoja kizuri anachopewa sasa kitamhudumia katika maabara za chuo, katika fildi inayofuata na katika mradi wa mwaka wa mwisho.

Pili, watoaji wanamzidi cheo, na mmoja wao humpa alama. Zawadi isiyo na uwazi huweza kutafsiriwa vibaya na chuo, na ofisi, au na mwanafunzi mwenyewe.

Tatu, vifaa vya kiufundi visivyo na ubora hudhuru. Kalamu mbovu huacha kuandika tu. Multimita mbovu huweza kumlipukia mtu mkononi.

Kutokana na hayo, zawadi inayofaa hulingana na kazi aliyoifanya mwanafunzi na mwaka wa masomo aliofikia, na uimara wake hutangulizwa kuliko ukubwa wake. Futi moja imara inamfaa zaidi kuliko sanduku la vifaa thelathini vya bei ya kutupa.

## Karatasi hutangulia zawadi

Zawadi haifidii logibuku isiyosainiwa. Mwanafunzi akirudi chuoni bila saini na muhuri hulazimika kusafiri tena, pengine kutoka mkoa mwingine, kumfuata msimamizi ambaye huenda yuko likizo. Kabla ya kununua chochote, msimamizi ahakikishe yafuatayo:

1. Kurasa zote za wiki katika logibuku zimesomwa, zimesainiwa na kuwekewa tarehe.
2. Fomu ya tathmini imejazwa na kutumwa kwa njia ambayo chuo kimeelekeza.
3. Rasimu ya ripoti imepitiwa, na imeelezwa wazi picha, michoro na takwimu gani za kampuni zinaruhusiwa kuingia humo.
4. Barua ya kuthibitisha kwamba mafunzo yamekamilika imechapwa kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi.
5. Vitu vya ofisi alivyokabidhiwa, kama kitambulisho, funguo na vifaa vya kazi, vimerejeshwa na kuandikwa.

Barua ya kumpendekeza kazini, ikiandikwa kwa uangalifu, ni zawadi kamili hata kama ofisi haina fedha. Iseme kazi mahususi aliyoifanya: alisimamia upimaji wa zege kwa vipande vya mchemraba, alichora upya mfumo wa umeme wa jengo, alipanga ratiba ya kulainisha mashine. Sentensi za jumla kama "ana bidii na nidhamu" haziwasaidii wanaoajiri.

## Hatua za kuchagua

1. Tafuta mwaka wake wa masomo. Wa mwaka wa kwanza bado yuko kwenye misingi: kuchora, kupima, kuchomelea, kukereza. Anahitaji vifaa vya kawaida. Wa mwaka wa tatu anaelekea kwenye mradi wa mwisho, kwa hiyo kifaa cha fani yake au kitabu cha marejeo kitamfaa zaidi.
2. Tazama alichokuwa akiazima. Mafundi aliofanya nao kazi wanakijua. Kifaa alichokiomba kila asubuhi ndicho asichokuwa nacho.
3. Uliza anachomiliki tayari. Mwulize mwanafunzi mwenzake, au mpe fundi mmoja kazi ya kudadisi kwa mzaha. Ikishindikana, kumwuliza mwenyewe si aibu. Kununua kikokotoo cha pili ni hasara.
4. Fikiria safari na makazi yake. Anayerudi kwa basi Mbeya au Mwanza hawezi kubeba sanduku la chuma. Anayeishi bweni na wenzake wanne anahitaji kitu kinachoingia kwenye kabati lenye kufuli. Kama atapanda ndege, bisibisi, visu na spana viingie kwenye mzigo wa chini, si mkobani.
5. Jua kiasi kilichopo kabla ya kutaja kifaa. Ahadi iliyozidi mfuko huishia kwenye kifaa bandia.
6. Chagua kitu kimoja kikuu na kadi. Vitu vidogo vingi hupotea upesi.
7. Nunua siku kadhaa kabla ya kuaga, ili kuwe na nafasi ya kukijaribu na kukibadilisha.

## Kinachofaa kwa kila fani

Uhandisi ujenzi. Futi ya chuma ya mita 5 au 8, rula ya skeli yenye pande tatu, au pima maji fupi. Rula ya skeli iambatane na tahadhari moja: mchoro wa 1:100 uliotengenezwa kwa karatasi ya A1 ukichapwa kwenye A3 huwa 1:200. Wanafunzi wengi hupima kwenye nakala ya A3 na kupata ukuta wenye nusu ya urefu wake.

Uhandisi umeme. Multimita yenye daraja la usalama linaloeleweka, au seti ndogo ya bisibisi zenye insulesheni ya 1000 V zilizotengenezwa kwa kiwango cha IEC 60900. Bisibisi ya kawaida yenye mpini wa plastiki haihesabiki kuwa ya umeme, hata kama muuzaji ataapa.

Uhandisi mitambo. Venia kalipa ya mm 150. Ya kusoma kwa macho, yenye mgawanyo wa mm 0.02, haihitaji betri na humfundisha kusoma kipimo. Ya dijitali ni ya haraka, lakini za bei ya chini humaliza betri hata zikiwa zimezimwa.

Elektroniki na mawasiliano. Bodi ya kujifunzia kama Arduino Uno pamoja na waya na vihisi vichache, au chuma cha kulehemu chenye kidhibiti cha joto. Bodi iwe na kebo yake. Nyingi huuzwa bila hiyo.

Uhandisi kemikali na usindikaji. Miwani ya kinga inayomkaa vizuri, daftari gumu lenye karatasi isiyolowa haraka, au kikokotoo cha kisayansi.

Uhandisi madini. Tochi ya kichwani yenye betri ya kuchaji, pamoja na daftari la kubeba eneo la kazi. Tochi hiyo ni ya matumizi ya kawaida. Chini ya mgodi mwanafunzi hutumia taa iliyoidhinishwa na mgodi wenyewe.

Fani zote. Kikokotoo cha kisayansi humfaa kila mmoja, ila kwanza ijulikane kanuni ya chumba cha mtihani. Vyuo vingi hukataza vikokotoo vinavyoandikiwa programu. Vya Casio vya familia ya fx-991 haviandikiwi programu. Fx-5800P, inayopendwa na wapimaji ardhi, huandikiwa, hivyo yaweza kuzuiwa mlangoni.

## Kitabu kama zawadi

Kitabu cha marejeo hudumu kuliko vifaa vingi, lakini kichaguliwe kwa fani. Machinery's Handbook, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1914, bado ni mwenzi wa wahandisi mitambo, na kina toleo dogo la kuweka kwenye sanduku la vifaa. Kwa elektroniki kuna The Art of Electronics cha Horowitz na Hill; toleo la tatu ni la mwaka 2015. Kwa mwanafunzi wa ujenzi au mitambo anayependa kusoma, Structures cha J. E. Gordon, cha mwaka 1978, kinaeleza bila hesabu nzito kwa nini vitu husimama na kwa nini huanguka.

Vitabu vya usanifu wa zege na chuma vinahitaji uangalifu zaidi. Uingereza iliondoa kiwango cha BS 8110 mwaka 2010 na kuweka Eurocode, lakini vyuo na ofisi nyingi za Afrika Mashariki ziliendelea kufundisha na kutumia cha zamani. Kitabu kifuate kiwango anachofundishwa mwanafunzi. Kitabu cha kopi kilichobandikwa jalada kisitolewe na ofisi ya wahandisi: ni kumpa kijana kazi ya mtu mwingine iliyochukuliwa bila ridhaa.

## Kisanduku: ukaguzi wa papo kwa papo dukani

Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi bidhaa halisi na bandia hukaa rafu moja. Majaribio haya hayahitaji zaidi ya dakika chache.

Futi. Ndoano ya mwanzo hucheza kidogo, na huo si ubovu. Husogea kwa kiasi cha unene wake, ili kipimo kiwe kilekile ikiwa imening'inizwa ukingoni au imesukumwa ukutani. Ubovu ni ikicheza kupita unene huo, au isipocheza kabisa. Tafuta alama ya daraja la II: futi ya namna hiyo huruhusiwa kukosea mm 1.3 tu katika mita 5.

Pima maji. Iweke juu ya kaunta na uangalie povu limekaa wapi. Igeuze nyuzi 180 papo hapo. Povu likikaa mahali palepale kwa anayetazama, pima maji ni sahihi, hata kama kaunta yenyewe imeinama. Likihama, iachwe.

Venia kalipa. Funga taya na uinue kuelekea mwanga; mwanga usipenye katikati yake. Mstari wa sifuri wa juu na wa chini ulingane. Kisha pima shina la biti ya drili iliyoandikwa ukubwa wake, mara tatu. Ikitoa majibu matatu tofauti, si kifaa cha kupimia.

Multimita. Soma maandishi karibu na matundu ya waya. CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni kwa nyaya na bodi za usambazaji ndani ya jengo. CAT IV ni kwa mahali umeme unapoingilia, kama kwenye mita. Mwanafunzi wa umeme anahitaji angalau CAT III ya 600 V, na waya zake ziwe na alama hiyohiyo. Gusanisha ncha mbili kwenye kipimo cha omu: jibu likaribie sifuri. Pima betri mpya ya AA: jibu liwe 1.5 V au zaidi kidogo. Multimita ambayo haijathibitishwa isijaribiwe kwenye soketi ya dukani.

Rula ya skeli. Upande wa 1:100, mita moja ya mchoro iwe sawa na mm 10 kwenye rula ya kawaida. Rula zilizochapwa vibaya hugundulika hapo.

Flashi. Uwezo ulioandikwa nje mara nyingi huwa wa uongo. Ijaze mafaili mpaka karibu na mwisho, kisha yafungue kabla ya kuifunga kwenye karatasi ya zawadi.

## Vifaa vya kinga

Buti za usalama, helmeti na riflekta huonekana kuwa zawadi rahisi, lakini zina masharti. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtwika mwajiri jukumu la vifaa vya kinga. Kwa hiyo helmeti inayotolewa siku ya mwisho isiwe ile iliyopaswa kutolewa siku ya kwanza. Kama mwanafunzi alivaa ya ofisi kipindi chote, seti mpya ya kwenda nayo fildi ijayo ni zawadi halali na nzuri.

- Buti ziwe na alama ya ISO 20345. Kinga yake ya vidole huhimili pigo la jouli 200. Zenye alama ya S3 huzuia pia msumari kupenya soli. Saizi iulizwe, isikisiwe.
- Helmeti iwe mpya. Ndani yake, chini ya ukingo, kuna duara dogo lenye mshale unaoonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Isipakwe rangi wala kuandikwa jina kwa wino wenye kemikali, kwa sababu baadhi yake hudhoofisha plastiki.
- Buti au helmeti iliyokwisha kutumika haitolewi. Helmeti iliyowahi kupigwa na kitu huweza kuwa na ufa usioonekana.

## Michango

Zawadi ya kundi huwa safi kuliko ya mtu mmoja, kwa sababu haimfungi mwanafunzi kwa yeyote.

1. Achaguliwe mweka fedha mmoja, asiwe msimamizi anayetoa alama.
2. Bei ya kifaa iulizwe kwanza katika maduka mawili au matatu, ndipo kiwango kitangazwe. Watu 12 wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja ni 60,000. Kifaa kitafutwe ndani ya kiasi hicho.
3. Kiwango kiwe kidogo kiasi cha kumwezesha mfagizi na mlinzi kushiriki wakipenda. Majina ya waliotoa na kiasi chao yasibandikwe kwenye kundi la simu.
4. Siku ya mwisho ya kuchanga itajwe, na masalio yatangazwe yamekwenda wapi.
5. Wanafunzi wakiwa wawili au zaidi, thamani iwe sawa kwa wote. Vifaa vyaweza kutofautiana kwa fani, lakini asiwepo wa kufungua bahasha mbele ya mwenzake mwenye sanduku.
6. Risiti iwekwe, kwa sababu dhamana ya kifaa hufuata risiti.

## Kadi na kukabidhi

Kadi ndiyo sehemu ambayo duka haliuzi. Maneno yake yawe machache na yataje tukio moja la kweli la kazini. Mfano:

> Kwa injinia wetu mtarajiwa. Siku ile sisi tumeshaanza kuifungua mota, wewe ukatuonyesha kwamba pampu inavuta hewa kwenye kiungo cha bomba. Ulituokolea kazi ya siku nzima. Endelea hivyohivyo: kagua kwanza, fungua baadaye. Karibu tena karakanani. — Mafundi wa zamu ya asubuhi

Makabidhiano yafanyike mbele ya watu, saa za kazi, baada ya fomu ya tathmini kutumwa. Mpangilio huo unaondoa shaka kwamba alama na zawadi vina uhusiano. Fundi aliyemfundisha kwa mkono ndiye akabidhi, si lazima mkuu wa idara. Chai na maandazi vinatosha. Pombe iachwe, kwa kuwa si wote wanaoinywa na eneo la kazi si mahali pake.

Kama kifaa kinatoka kwenye stoo ya kampuni, kiwe na idhini ya maandishi na hati ya kutolea mali getini. Bila hati hiyo, mwanafunzi huweza kusimamishwa na mlinzi akiwa na kitu kinachoonekana kuwa cha wizi, katika saa yake ya mwisho kazini. Herufi za jina lake zichongwe kwenye kifaa, ili getini na bwenini ijulikane ni chake.

## Makosa yanayorudiwa

- Kumpa kifaa kibovu cha ofisi. Multimita yenye fyuzi iliyowahi kupitishwa waya si urithi. Ni hatari.
- Kumpa programu iliyovunjwa ulinzi. Hubeba virusi, na humzoesha kuiba. Kampuni nyingi za programu za uhandisi hutoa leseni za bure kwa wanafunzi; kumsaidia kujisajili ni bora.
- Kumpa michoro au takwimu za mteja "akajifunzie". Mali hiyo si ya mtoaji.
- Zawadi za mwilini, kama manukato na nguo, hasa kutoka kwa msimamizi kwenda kwa mwanafunzi wa jinsia nyingine, au zawadi inayotolewa faraghani. Hata nia ikiwa njema, humweka mwanafunzi pabaya.
- Kupokea zawadi ya mwanafunzi kabla ya tathmini. Hiyo ikataliwe kwa upole. Asante yake ya mdomo inatosha.
- Kununua kwa ajili ya picha. Ngao ya kioo yenye nembo ya kampuni hupendeza siku moja, kisha hukaa chini ya kitanda.
- Kutoa kifaa bila maelekezo. Mwenye multimita mpya aonyeshwe kwamba waya ukiachwa kwenye tundu la ampea kisha ukapima volti, ni sawa na kuunganisha nyaya mbili za umeme moja kwa moja.

## Orodha ya kumalizia

☐ Logibuku, fomu ya tathmini na barua zimekamilika.
☐ Fani na mwaka wa masomo vinajulikana.
☐ Imethibitishwa kwamba hana kifaa hicho.
☐ Kifaa kinabebeka kwa safari yake.
☐ Alama za ubora zimesomwa na kifaa kimejaribiwa.
☐ Betri, kebo au fyuzi ya akiba vimo ndani ya kifurushi.
☐ Michango imefungwa na risiti ipo.
☐ Wanafunzi wote wanaoondoka wamepata sawa.
☐ Kadi imeandikwa na imetaja kazi aliyoifanya.
☐ Hati ya getini imesainiwa, kama kifaa kimetoka stoo.
☐ Siku, saa na mkabidhi vimepangwa, na mwanafunzi ameonyeshwa namna ya kukitumia kifaa kwa usalama.